Safu ya Tano

Nyumba yetu haina kibao.
Ukishuka stesheni ya Tabora shika njia ya Isevya,
muulize fundi baiskeli, usimuulize bodaboda:
bodaboda hubeba abiria, na hubeba habari.

Mimi ndiye mwenye funguo na daftari.
Daftari lina safu tano, nilizipiga kwa rula ya mwanangu:
jina, umri, utokako, yaliyokusibu, uendako.
Ya nne hunijaa hadi pambizoni.
Ya tano hubaki nyeupe.

Usiku ule treni ya Kigoma ilipochelewa
alibisha Kalunde binti Mihayo, wa ndani kule Sikonge,
mtoto mgongoni, mtoto mkononi,
kichwani sufuria, ndani yake kadi za kliniki.
Sikumuuliza kitu. Nilitazama mikono:
kucha nyeusi kwa utomvu wa tumbaku,
mikono iliyochuma, ikatunga, ikapanga majani kwa madaraja,
ikaulisha moto wa bani usiku kucha, msimu mzima.
Soko lilipofunguliwa, fedha ilitoka kwa jina la mume,
ikafika nyumbani nusu,
inanukia marashi ya mtu mwingine.
Kalunde akauliza ada ya shule.
Jibu alilopewa limo kwenye PF3
kwa mwandiko wa daktari, nami nimelinakili:
taya, bega, mbavu mbili.

Kijana wake, Shija, wa miaka sita,
aligoma kuvua viatu.
Alilala navyo, kamba kafunga fundo mbilimbili,
raba za mtumba, mmoja umeuzidi mwenzake.
"Mama akisema twende," aliniambia,
"mimi sichelewi."

Chumba cha pili wamo akina Ntahondi, watu sita.
Mvua ya Machi iliangusha ukuta waliokuwa wakiupangia kule Ng'ambo;
mwenye nyumba akauza kiwanja, tope likiwa bado bichi.
Baba yao ndiye mwanamume pekee uani.
Analala stoo, karibu na geti,
na kila anapotaka kukata kona hukohoa kwanza,
akasimama,
akahesabu moyoni, ndipo akapita.
Hakuna aliyemwagiza.

Siku ya tisa wakaja wakwe na dumu la asali.
Sijui nani aliwaelekeza.
Wakakaa kwenye benchi, wakasema kwa upole:
vikombe kabatini havikosi kugongana.
Nikasema, kikombe hugongana na kikombe.
Humu ninaandika habari za kikombe na nyundo.
Wakacheka kidogo. Asali wakaiacha.

Na Kalunde akarudi nao.
Mihogo yake ilikuwa shambani, mvua zinakwisha,
na mume, walisema, alilia mbele ya mwenyekiti wa kijiji.
Nilimfunga kanga mabegani, nikamsindikiza hadi kwa fundi baiskeli.
Safu ya tano nikaandika: kwake.
Neno fupi. Lilinichukua muda mrefu.

Wiki ya kumi na moja, saa nane usiku, geti.
Sufuria ileile, mpini mmoja umeng'oka.
Alisimama nje ya mwanga wa taa akasema,
"Dada, naona haya."
Nikamwambia uji upo, haya ataila kesho.
Nikafungua ukurasa mpya:
jina, umri, utokako.
Daftari langu halina safu ya mara ya ngapi.

Sasa kesi imepangiwa tarehe, imeahirishwa,
imepangiwa nyingine.
Asubuhi anakwenda dawati la jinsia, mchana anashona
kwa cherehani ya mke wa Ntahondi, bobini inayokwama.
Ile asali tulikunywea uji mpaka ikaisha;
haikuwa na kosa, asali.

Jana usiku nikizungusha kufuli
nilimulika tochi mlangoni kwao.
Raba za Shija zilikuwa kizingitini, zimevuliwa,
kamba zimefunguliwa, zimewekwa sambamba,
ncha zake zimeelekea nje.